Maswali ya Wasomaji: Lancaster iliyowaka usiku

SWALI: Usiku wa kuamkia 31 Machi 1944 Uingereza ilituma ndege 795 za mabomu kushambulia Nürnberg, mji wa Ujerumani, na 95 hazikurudi. Kila mtu ndani alikuwa na mwavuli wa kurukia (parachuti). Mbona waliookoka ni wachache hivyo? Na waliopotea walitambuliwaje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mwavuli walikuwa nao, ila wengi hawakuwa wameuvaa. Kati ya watu saba wa Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Uingereza, kwa kawaida rubani ndiye aliyekalia wake. Wengine waliuweka karibu, kwa sababu kifuani ungewazuia kufanya kazi. Mpiga bunduki wa mkiani alikuwa na shida kubwa zaidi. Kizimba chake, chumba kidogo cha bunduki kinachozunguka, kilikuwa chembamba, hivyo mwavuli ulikaa nje yake, ndani ya kiwiliwili cha ndege. Ilimbidi akinyooshe kizimba, afungue milango nyuma ya mgongo wake, auvute mwavuli na kuufunga, kisha akigeuze kizimba upande na kujiangusha kinyumenyume. Mabomba ya mafuta ya kukizungusha yakikatika, alikizungusha kwa mkono.

Muda wa kufanya yote hayo haukuwepo. Tangu 1943 ndege nyingi za Kijerumani za usiku, kama Messerschmitt Bf 110, zilifungwa mizinga miwili ya milimita 20 iliyoelekea juu. Rubani alijipenyeza chini ya Lancaster, ambayo kwa kawaida haikuwa na bunduki tumboni, akalenga bawa katikati ya injini, penye matangi ya petroli. Tumbo alilikwepa: mabomu yakilipuka, naye angekufa. Risasi hazikuacha mstari wa mwanga, kwa hiyo mara nyingi dalili ya kwanza ilikuwa moto wenyewe. Bawa likikatika, ndege huzunguka kwa nguvu na kuwabana watu ukutani hata mkono usiinuke.

Mlango wa dharura wa mbele, sakafuni chini ya mlenga mabomu, ulikuwa na upana wa sentimita 56 hivi. Mtu mwenye nguo nzito na mwavuli kifuani alikwama kwa urahisi. Mimi nauona upana huo kuwa kosa la wabunifu: wa Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya Uingereza, ulizidi kwa sentimita tano hivi, na kwenye ndege hiyo walitoka wengi zaidi. Nyuma, boriti kuu ya mabawa ilikatiza njia, na anayetumia mlango wa ubavuni aliweza kupigwa na mkia. Rubani alibaki mwisho, akiishika ndege isipinduke.

Baada ya vita, kitengo maalumu cha Jeshi la Anga kilifukua makaburi na mabaki. Vibati vya utambulisho vilikuwa vya nyuzi zilizoshindiliwa, si chuma, hivyo viliweza kuungua. Wachunguzi walitafuta namba za injini na za bunduki: namba ilitaja ndege, ndege ikataja watu saba. Kisha waliwatenganisha kwa beji za kazi, alama za dobi kwenye kola, na viatu. Beji ya rubani kwenye ndege yenye rubani mmoja ilitosha.

Waliokosa kaburi, zaidi ya 20,000 wa jeshi zima la anga, wameandikwa Runnymede, Uingereza, kwenye mnara uliozinduliwa 1953. Na ukitembelea makaburi ya Reichswald, Ujerumani, ukakuta mawe yamegusana, mara nyingi hao ni wafanyakazi wa ndege moja ambao haikuwezekana kuwatenganisha.