Camino ya Oktoba: miguu kwanza, begi baadaye

Dada yangu, umesema Oktoba unatoka Dar kwenda kuhiji kwa miguu Camino, njia ya mahujaji kule Hispania, kutoka mji wa Sarria hadi Santiago de Compostela, na hujawahi kutembea zaidi ya kilomita 5. Usiogope, ila anza wiki hii.

Viatu vizidi saizi yako kidogo, maana miguu huvimba ukitembea kutwa, na uvizoee hapa hapa mjini. Jumamosi alfajiri toka Gongo la Mboto upande hadi kituo cha hija Pugu, begi mgongoni likiwa na uzito ule ule utakaosafiri nao. Ukishazoea, anzia Buguruni. Vilima vya Pugu vitakufundisha kuliko mchanga wa Coco. Paka mafuta ya mgando vidoleni kabla ya soksi, na ukihisi pameanza kuwaka simama papo hapo ubandike plasta. Lengelenge likishajaa maji, kila hatua ni mateso.

Begi lisizidi sehemu ya 10 ya uzito wako. Sisi watu wa joto tunapenda kurundika masweta. Moja la sufu kutoka mitumba ya Karume linatosha. Koti la mvua ndilo lisikose, maana Galicia, jimbo la Hispania utakalopita, majani yakipukutika mvua nayo haikatiki.

Njia ni kama kilomita 115, na cheti cha hija hudai angalau 100 kwa miguu, kadi yako ya hija ikigongwa mihuri njiani. Viza ya Schengen, ya kuingilia Hispania, huombwa hadi miezi 6 kabla, kwa hiyo usingoje Septemba.