Herufi nene zilizobanwa, na bango lililonirudia

Juzi dada mmoja wa Ngaramtoni ameniandikia: "Kaka, nina duka la vipuri, jina refu, ukuta mwembamba. Nitumie fonti gani?" Ujumbe huo sikuujibu usiku uleule. Swali kama hilo la fonti, yaani muundo wa herufi, liliwahi kunivua nguo mbele ya watu, pale Kilombero, Arusha.

Nilikuwa na miezi michache tu kwenye kazi ya mabango. Mteja alitaka MATENGENEZO YA FRIJI NA MAJOKOFU, bango la futi nane kwa mbili. Nikachukua Arial, fonti ya kawaida ya kompyuta, nikaiminya kwa kipanya mpaka ikaingia. Sikujua kwamba ukiminya herufi ya kawaida, mistari ya wima inakonda huku ya mlalo ikibaki nene. Mteja alisimama ng'ambo ya barabara, akasema hasomi kitu. Akanirudishia bango mbele ya mafundi wenzangu na hela ya turubai ikawa hasara yangu. Bado inaniuma.

Nikahamia fonti ya Impact, kwa kuwa ilikuwamo tayari kwenye Windows. Geoffrey Lee aliichora huko Uingereza, ikatolewa mwaka 1965 na kiwanda cha Stephenson Blake cha Sheffield, enzi za herufi za kuchapia za madini ya risasi. Ni nene, imebanana, na uwazi ulio ndani ya herufi ni mdogo sana. Kwa neno moja kubwa, haina mpinzani. Mimi nikaiandikia hata namba za simu, kwa ukubwa mdogo. 6, 8 na 9 zikafanana, mteja akakosa simu wiki nzima.

Ndipo nikaelewa: herufi iliyobanwa lazima iwe imechorwa hivyo tangu mwanzo, na kila unene una mahali pake. Maneno yetu ni marefu. TUNAREKEBISHA peke yake lina herufi 13, kwa hiyo sisi tunazihitaji herufi hizi kweli. Leo jina la duka naliweka kwa Bebas Neue ya Ryoichi Tsunekawa wa Japani, ambayo haina herufi ndogo kabisa. Huduma na simu naziweka kwa Oswald ya Vernon Adams, kwa kuwa ina unene wa aina kadhaa. Zote mbili ni za bure.

Mwezi uliopita gereji moja ya Sanawari imeniita tena kwa bango la tatu. Najivunia hilo, sifichi.

Vijana wenzangu, acheni kuminya herufi! Acheni kujaza bango maneno ishirini! Ongezeni nafasi kidogo kati ya herufi, hasa M na W zinapokaa pamoja, kama kwenye MWENGE. Kabla ya kuprinti, kiangalieni kielelezo mkiwa mbali, kutoka ng'ambo ya barabara. Mteja wako anapita na bodaboda, hana muda wa kukusoma mara mbili.

Dada wa Ngaramtoni, nitumie jina kamili la duka na upana wa ukuta kwa futi. Kesho asubuhi nitakuchorea sampuli mbili, uchague.