Jibu: Seti ya Godzilla ya Marekani kwenye deki ya eneo B

Mkuu, umeuliza kama seti ya filamu za Godzilla ya Criterion (kampuni ya Marekani inayotoa filamu kwenye diski) itacheza kwenye deki yako ya Blu-ray uliyonunua Ujerumani. Diski na deki za Blu-ray hufungwa kwa maeneo ya dunia. Kama deki yako imefungwa eneo B, la Ulaya, seti haitacheza; Marekani na Japani ni eneo A. Tafuta deki ya maeneo yote, halafu nunua bila wasiwasi. Seti hiyo ya 2019 ni mali hasa: filamu 15 za Toho, studio ya Kijapani, 1954 hadi 1975. Ila King Kong vs. Godzilla wameweka toleo la Marekani, la Kijapani liko kwenye nyongeza, diski ya mwisho. Usilipite! Filamu ya kwanza nayo ina toleo la 1956, alimochomekwa Raymond Burr kama mwandishi wa habari. Anza na toleo la awali la Kijapani, la mwongozaji Ishirō Honda, dakika 96, ndilo lenye uchungu wote wa vita.