Uliza Anko: Kutoka kempi ndio kazi

Habari Anko. Bwanangu alinunua Hiace iliyokuwa matatu, akang'oa viti akaweka kitanda, kabati na jiko ya gesi, sasa ndio gari letu la kulala. Kwenda hatuna shida, shida ni kurudi. Juzi tulikuwa kempi moja kando ya ziwa Naivasha, nikisema tu tufunge virago watoto wote wanashikwa na tumbo wakati mmoja wanakimbilia choo, mzee naye anaanza kuosha vioo. Mwisho tukang'oa gari na waya wa stima bado uko kwa soketi, plagi ikatoka nzima nzima, na majirani wa hema la pili wameshika vikombe vya chai wanatutazama tu. Anko, ni sisi tuna kasoro ama ni kila mtu?
Mama Pacha, Section 58, Nakuru

Mama Pacha pole ya plagi, lakini wacha nicheke kwanza. Hao majirani si wabaya, watu wakifunga kempi ndio sinema ya bure ya asubuhi, na zamu yao ilifika pia. Hata Marekani, kwenye watu wana magari ya kulala ya ukubwa wa basi, kuondoka na waya ni kitu ya kawaida tu, na turubai la kivuli likisahaulika nje linapasuliwa na mti wa kwanza.

Kinachowaponza si uvivu, ni wasaidizi wengi. Wewe unadhani mzee ametoa waya, mzee anadhani kijana ametoa, kijana yuko choo. Sasa fanyeni hivi, mkifika tu jioni tundikeni ufunguo wa gari na kamba pale pale kwa soketi. Hakuna mtu atawasha gari kabla hajaenda kwa waya, hata awe na haraka gani ya kupita Gilgil kabla malori hayajajaa. Halafu mtu mmoja, na asiwe dereva, azunguke gari peke yake bila kuongeleshwa na mtu: mtungi wa gesi umefungwa, kabati zimepigwa komeo (sukari ikimwagika kona ya kwanza utaiokota mpaka Krismasi), mawe ya tairi yametolewa na kurudishwa kando, ile tabia ya kuyaacha katikati ya njia tuwaachie wenye malori.

Hema nalo msikimbilie. Naivasha iko juu zaidi ya mita 1,800, asubuhi umande umelilowesha chapachapa, ukilikunja hivyo likae wiki kwa stoo litaota ukungu na hiyo harufu haitoki. Liwe la mwisho, jua likishapanda, na likikataa kukauka lianike nyumbani, ukubali tu jirani aje kuuliza kama mmefiwa.

Watoto, choo kwanza ndio utangaze safari. Na siku mtalala ndani ya mbuga ya Lake Nakuru, kumbuka chupa na sahani za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku mbugani tangu 5 Juni 2020, kwa hivyo bebeni vyombo vya kuosha. Milango pia isibaki wazi mkipakia, manake nyani wa huko watawasaidia kufunga na wao huanzia kwa mkate.

Anko, sisi tulikodi gari la kulala tukaenda msitu wa Kakamega. Kila kitu kimepakiwa, injini inanguruma, baba mkwe ndio anaanza kuaga: askari wa geti, mpishi, watu wa hema zingine, mpaka mama wa ndizi huko nje. Jua linazama tukiwa hapo. Nimwambie nini na ni mkwe?
Mke wa Kijana, Kondele, Kisumu

Mkwe haambiwi kitu dada yangu, mkwe anatumwa. Asubuhi mkimaliza chai tu, mwambie kwa heshima, "Baba, tusaidie kutuagia watu," na hapo ndio muanze kupakia. Atakuwa na kazi yake na nyinyi mtapakia bila mtu wa kuwasimamia kila sufuria. Akirudi na kuku wa zawadi usishtuke, mfunge miguu, mweke chini nyuma ya kiti, na dirisha la upande huo liwe wazi kidogo mpaka Kisumu.