Maswali ya Wasomaji: Dada Wawili na Sweta

SWALI: Bi Mhariri, salamu kutoka Langoni, Lamu. Tuliitazama Die bleierne Zeit, filamu ya Margarethe von Trotta ya 1981, tukagawanyika. Wengi wanasema Juliane hampendi nduguye Marianne, aliyejiunga na kundi la silaha akafungwa. Wengine zile picha za utotoni ziliwachanganya. Nani kasema kweli?

JIBU: Shikeni utoto kwanza. Huko Juliane ndiye mkaidi, na Marianne ndiye mtiifu kwa baba yao mchungaji. Ukubwani mambo yamegeuka. Asiyelinasa hilo huona ugomvi wa siasa tu.

Na mapenzi yapo, tena mengi! Rudini pale gerezani, ndugu hao wanapovua sweta na kubadilishana, kila mmoja akavaa joto la mwenzake. Baadaye wanatenganishwa kwa kioo, na sura ya mmoja inaikalia ya mwingine. Kwenye simu, mchana, hamtaliona hilo. Zimeni taa, tumieni skrini kubwa.

Lawama yangu ni moja: Jan, mwana wa Marianne, amepewa nafasi ndogo mno, hali yeye ndiye anayeichana picha ya mamake.