Mbinu rejeshi na kisengere nyuma
Je, mbinu rejeshi na kisengere nyuma katika usimulizi ni kitu kimoja? Ndiyo: msimulizi anaacha tukio la sasa na kurudi kwenye lililotangulia. Usichanganye na kisengere mbele, kinachodokeza yatakayotokea. Nafundisha insha kidato cha tatu, na wanafunzi wengi hukwama kwenye mbinu rejeshi: wanarudi nyuma halafu hawarejei tena kwenye tukio la sasa. Kwenye insha ya methali (kisa kinachodhihirisha maana ya methali) ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, mwanzo mzuri ni mhusika akiwa tayari katika majuto, kisha kumbukumbu ieleze alivyofika pale. Kichocheo kimoja chatosha: harufu, sauti, hata kovu mkononi. Ila kwa insha ya maneno 400 hivi, itumie mara moja tu. Ukiirudiarudia msomaji anapotea.