Mzee asubuhi mzima, saa sita kaganda: anadeka au ni Parkinson?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 68, aligundulika na Parkinson miaka sita iliyopita, anatumia levodopa saa moja asubuhi, saa nane mchana akishakula, na saa tatu usiku. Kwa kweli simuelewi. Saa mbili asubuhi anafunga vifungo vya shati mwenyewe, anatoka kibarazani kupiga soga na wazee wenzie, ikifika saa sita hata kijiko kinamshinda, mguu hauinuki, uso umekauka, sauti haitoki. Jioni anarudi vizuri tena. Nyumbani maneno yameanza, kaka anasema mzee anadeka, shangazi anasema ugonjwa gani huu wa kwenda na kurudi, tumpeleke kwa mtaalamu wa kienyeji. Dawa imegoma au anaigiza? – Binti wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee haigizi, na kaka aambiwe hivyo leo leo maana mgonjwa akishaambiwa anadeka anaanza kuficha hali yake, na daktari anabaki hana cha kushika.

Parkinson inakula taratibu zile seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayofanya mwili utembee na kugeuka bila kujifikiria. Levodopa ikifika kwenye ubongo inageuzwa kuwa dopamini. Miaka ya mwanzo seli zilizobaki zinaweza kutunza akiba, ndo maana vidonge vitatu vilitosha siku nzima, ila ugonjwa ukisonga akiba inapungua. Chukulia nyumba yenye simtank, maji ya bomba yakikatika wala hujui, lakini tank likitoboka kila mgao unausikia palepale. Sasa levodopa yenyewe haikai kwenye damu, ndani ya saa moja na nusu hivi nusu yake imeshaondoka. Kidonge cha saa moja kikiwa kimeisha nguvu na kinachofuata ni mpaka saa nane, unategemea nini saa sita? Anaganda kwa sababu ya ratiba, sio kwa sababu ya hayo anayoyafikiria shangazi.

Halafu umeandika kitu umekipitia haraka, kwamba cha mchana anameza akishakula. Hapo pana jambo. Nyama, samaki, maharage, mayai, maziwa, vyote vina protini, na protini inagombania njia moja na levodopa, kwenye utumbo na tena wakati wa kuingia kwenye ubongo, kwahiyo mzee akishiba wali maharage halafu ndo ameze, kidonge kinaweza kuchelewa sana kushika au kisishike kabisa. Ameze nusu saa kabla ya kula au saa moja baada, na maji glasi nzima. Kama tumbo tupu linamletea kichefuchefu apewe kipande cha muhogo wa kuchemsha au mkate mkavu. Simaanishi mumnyime nyama jamani, watu wakisikia hivi wanamkondesha mzee wa watu bure, mboga nzito ihamishiwe usiku tu. Na choo mkiangalie pia, akikaa siku nne hajapata haja kubwa dawa nayo inachelewa.

Msimuongezee dozi wenyewe. Dawa ikizidi utaona anaanza kujinyonganyonga, kichwa na mabega yanacheza bila yeye kutaka, na watu wengi wanadhani hapo ugonjwa ndo umepanda. Daktari ana njia nyingine, kama kusogeza dozi zikaribiane au kuongeza dawa ya pili ya kuifanya levodopa idumu. Na kuacha ghafla ndo kabisa msithubutu, mwili unaweza kukakamaa na homa kali ikapanda, ni hatari ya kulazwa.

Cha kufanya: nunua daftari, siku tano mfululizo andika saa aliyomeza, saa aliyokula na alikula nini, saa alipoanza kuwa mwepesi, saa alipoganda, saa alipojinyonganyonga. Mrekodi video kwenye simu akiwa mzima na akiwa ameganda. Nenda navyo kwa daktari wa mishipa ya fahamu, Muhimbili wapo. Kliniki anaonwa dakika chache tu, na wengi wakifika pale wanakuwa kwenye saa zao nzuri, daktari anaona mtu anatembea vizuri anaandika dawa zilezile, mnarudi nyumbani mnalalamika.

Ila tofautisha. Kupanda na kushuka ndani ya siku moja ni habari ya dawa. Ugonjwa wenyewe unasonga kwa miezi na miaka, kwahiyo mzee akidorora ghafla ndani ya siku mbili tatu usiseme Parkinson imezidi, mpimeni malaria na UTI, angalia kama anakunywa maji kwenye joto hili, na ulizeni kama kaanzishiwa dawa mpya. Metoklopramidi, ile ya kuzuia kutapika wengi wanayoijua kwa jina la Plasil, inaziba njia ya dopamini na haimfai kabisa mtu wa Parkinson, na haloperidoli vilevile. Dukani mtaje ugonjwa kabla ya kutaja kichefuchefu.

SWALI: Dokta, mume wangu naye ana Parkinson, anapanda ngazi bila shida lakini akifika mlangoni miguu inagandia chini kama kapigiliwa. Inawezekanaje? – Mama wa Tabata

JIBU: Inawezekana na wanaopata hivyo ni wengi. Ngazi zinampa jicho kitu cha kulenga kila hatua, sakafu tupu haimpi, na mlango ndo sehemu maarufu ya kuganda. Usimvute mkono, ataanguka. Asimame kwanza, ahesabu moja mbili, halafu akanyage kama anaruka kitu. Bandika vipande vya utepe wa rangi wenye gundi kwenye sakafu pale mlangoni, viachane hatua moja moja, avivuke. Na uangalie, je anaganda zaidi ikikaribia saa ya dawa? Kama ndio, na wewe nunua daftari.